Krismasi ya wageni, Maulidi ya Waarabu? Tuliopo Bagamoyo tunajua si hivyo

Msimu wa sikukuu ukikaribia, vijiweni hapa Bagamoyo maneno huwa yale yale. Mmoja atasema Krismasi mwambao ni ya watu wa bara waliokuja kikazi. Mwingine atamjibu kwamba na Maulidi nayo ni mambo ya Waarabu. Yananiuma haya, maana yanasemwa katika mji ambao historia yake yenyewe inayakanusha.

Tuanze na Krismasi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na hiyo ndiyo misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika Tanzania Bara ya leo. Enzi hizo pwani hii ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kwa hiyo kanisa lilianza hapa chini ya mtawala Mwislamu. Waumini wa mwanzo nao hawakutoka Ulaya. Wengi wao walikuwa watu waliokombolewa utumwani, watoto kwa wakubwa, wakapewa makazi penye misheni, wakalima, wakaoana, wakazaa. Zaidi ya miaka 150 imepita tangu hapo. Wajukuu na vitukuu wa watu hao tuwaite wageni kwa kipimo gani?

Maulidi vilevile. Aliyeipa Bagamoyo jina kubwa katika Maulidi ni Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye wengi wanamjua kama Sheikh Ramiya. Asili yake ni Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, mbali kabisa na bahari, na alifika pwani akiwa mtumwa. Akasoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa Kadiria, moja ya tarika, yaani njia za Kisufi, na hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa ameacha wanafunzi pwani na bara. Hebu yaweke pamoja: misheni ya watu waliokombolewa, na zawia, yaani kituo cha ibada na mafunzo cha tarika, ya mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Wote waliteremka kwa njia zile zile za misafara, wakaishia ufukwe ule ule. Mtu akiniambia sikukuu hizi mbili ni za watu wawili tofauti, namwomba afuatilie kwanza walikotoka.

Na si historia peke yake. Serikali hutoa siku moja ya mapumziko kwa Maulidi, lakini usomaji wenyewe huenea mwezi mzima wa Mfungo Sita, leo msikiti huu, kesho madrasa ile. Nyuma ya nyumba, kabla Barzanji, kile kitabu cha Maulidi, haijaanza kusomwa, kuna akina mama wanachagua mchele na kumenya vitunguu, na ukiuliza majina utamkuta mama Joseph kati yao, kisu mkononi, analalamikia moshi kama wenzake. Ikifika Krismasi, asubuhi mapema kijana Mwislamu wa jirani anaitwa aje achinje kuku au mbuzi, ili atakayekaribishwa ale bila wasiwasi. Hakuna aliyeandikiwa sheria ya kufanya hivyo. Mchana sahani inavuka uchochoro ikiwa imefunikwa kawa, na siku ya Idd inarudi na biriani. Sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Wapo wanaohesabu siku kwenye kalenda wapate kujua dini ipi inapendelewa. Haya, tuhesabu. Idd el-Fitr siku mbili, Idd el-Hajj moja, Maulidi moja. Upande wa pili Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi, na tarehe 26 Desemba. Nne kwa nne, ukiiacha Pasaka yenyewe, ambayo ni Jumapili hata hivyo. Kudai kwamba hesabu hiyo inaonyesha nani wengi nchini ni kubahatisha tu, kwa sababu sensa zetu hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967.

Lawama nyingine ni kwamba Idd inasumbua, mara leo mara kesho, wakati sikukuu za Kikristo zina tarehe zake. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi mwandamo na una siku 354 au 355, ndiyo maana Idd huwahi kwa siku kama 11 kila mwaka; mwaka 2000 Idd el-Fitr ilikuja Januari, ikaja tena Desemba. Lakini Pasaka nayo ina mwezi wake. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia Machi 21, kwa hesabu ya Kanisa, hivyo huangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25. Kumbe wote tunatazama juu.

Kuhusu sikukuu za kitaifa nitasema moja tu, kwa kuwa hata walimu huliteleza: Desemba 9, 1961 ni uhuru wa Tanganyika, si wa Tanzania. Zanzibar ilipata wake Desemba 10, 1963, Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964, na Muungano Aprili 26 mwaka huo huo.

Dhana inayowaumiza watu mfukoni ni hii: kwamba siku ya sikukuu kila mtu amepumzika, na aliyeitwa kazini ashukuru kwa soda na nauli. Bagamoyo ni mji wa ufukwe. Idd na Pasaka, magari yanatoka Dar es Salaam tangu asubuhi, na hapo mhudumu wa hoteli, mpishi, dada wa usafi na mlinzi ndiyo kwanza kazi inawaelemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, inasema mfanyakazi anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Haijali kama sikukuu ni ya dini yake au ya mwenzake: Mwislamu aliyehudumia meza siku ya Krismasi anastahili sawasawa na Mkristo aliyepika siku ya Idd. Asipolipwa na mazungumzo yakishindikana, apeleke malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na asikae nayo muda mrefu, maana madai ya namna hii yana siku 60 tu.