Je, wajua kwa nini kupika na kufua huhesabiwa wakati wa kugawana mali?

Ndoa imevunjika. Kiwanja alinunua mume, hati ina jina la mume, na mke hajawahi kupokea mshahara. Anadai nini?

Kwa Tanzania Bara, jibu linaanzia 1971. Awali, haki za mke aliyeachwa zilitegemea ndoa ilifungwa kwa Waislamu, kanisani, bomani au kimila. Sheria ya Ndoa ya mwaka huo ikawaweka wote chini ya mwavuli mmoja. Haikuzitupa dini nje: ndoa ya wake wengi ilibaki, na mabaraza ya usuluhishi ya Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na ya makanisa yanafanya kazi mpaka leo. Lakini amri ya talaka hutolewa na mahakama, nayo ndiyo hugawa mali waliyochuma pamoja kwa kupima mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. (Zanzibar sheria hii haifiki, huko kuna Mahakama ya Kadhi.)

Sasa, kazi ipi? Hapo majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo waliosema kupika na kulea ni wajibu wa mke, na mtu hadai fungu kwa kutimiza wajibu wake. Wengine waliona hoja hiyo inamwacha mama wa nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 1983 shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu likafika Mahakama ya Rufani. Walikuwa wamefunga ndoa ya Kiislamu, na mahakama ya chini ilishasema huyu ni mama wa nyumbani tu, hakuchuma kitu. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakataa: kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali, ingawa si lazima mgawo uwe nusu kwa nusu. Kwangu mimi huu ni uamuzi uliochelewa. Aliyewahi kuendesha nyumba yenye watoto hahitaji jaji kumwambia kwamba hiyo ni kazi.

Na Bi. Hawa mwenyewe? Hakuambulia kitu. Mahakama iliona mumewe alishampa fedha za kuendeleza familia naye akazitapanya, basi fungu lake likahesabiwa limeishia huko. Jina lake ndilo mawakili wanalolitaja hadi leo wanapowadaia wanawake wengine haki.