Sayyid Hamoud na amri ya 1897: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wengi wetu tumefundishwa kumkumbuka Sayyid Hamoud bin Muhammed kwa sentensi moja tu, kwamba ndiye Sultani wa Zanzibar aliyewaacha huru watumwa mwaka 1897. Sentensi hiyo si uongo mtupu, lakini imebeba dhana kadhaa zinazowadhulumu waliokuwa utumwani, kwa sababu wengi wao uhuru hawakupewa mkononi bali waliuendea wenyewe, chini ya sheria iliyotungwa kwa kumfikiria bwana kwanza.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba amri ile ilitoka moyoni mwa Sultani. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani aliyekuwapo, Sayyid Hamad bin Thuwaini, na binamu yake Khalid bin Barghash akalishika kasri bila ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Uingereza zililipiga kasri hilo kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa, na siku hiyohiyo Hamoud akatawazwa. Mtu aliyekalia kiti kwa njia hiyo, ilhali kuta za kasri zimebomoka mbele ya macho yake, hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa alichoombwa. Isitoshe, kiti chenyewe kilikwisha kupunguzwa nguvu: Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na tangu 1891 hazina ya serikali ilikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu Mwingereza, Lloyd Mathews, huku Sultani akilipwa posho maalumu.

Hata hivyo, ni kosa pia kudhani kwamba Waingereza wa Zanzibar walikuwa na haraka ya kukomesha utumwa. Shinikizo lilitoka Uingereza, kwa wapinga utumwa, wakiwemo Wakristo wa madhehebu ya Quaker. Mathews na balozi mkuu Arthur Hardinge, walioitumikia serikali papo hapo visiwani, waliogopa kwamba karafuu za Unguja na Pemba zingekosa wachumaji na mapato ya serikali yakaanguka. Kwa hiyo amri ya Aprili 1897 ilikuwa mapatano kati ya shinikizo la mbali na hofu ya karibu. Jina la Sultani lilihitajika ili amri ikubalike kwa watu, na ndiyo maana utangulizi wake unakumbusha kwamba Mtume alisifu kuacha huru watumwa. Baadaye Malkia Victoria alimtunuku Hamoud nishani.

Wapo wanaodhani kwamba amri hii ndiyo iliyofunga soko la watumwa la Mkunazini. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, na ununuzi na uuzaji wa watumwa ulipigwa marufuku tena na Sultani Sayyid Ali bin Said mnamo Agosti 1890.

Dhana inayohitaji kutazamwa kwa makini kuliko zote ni kwamba siku amri ilipotoka, kila mtumwa aliamka huru. Amri ilisema kwamba mahakama hazitatambua tena haki zinazotokana na utumwa. Haikusema kwamba watumwa wote wameachwa huru. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba, na asiyekwenda, kwa kutojua, kwa umbali, kwa uzee au kwa hofu, alibaki alipokuwa. Aliyekubaliwa naye alitakiwa aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji, na papo hapo aliwajibika kulipa kodi na kufanya kazi za serikali. Bila shamba lake mwenyewe, mtu angeonyesha nini? Ndiyo maana wengi walibaki katika mashamba ya mabwana wa zamani, wakipewa kipande cha kulima na kwa malipo yake wakifanya kazi siku kadhaa kwa wiki, na wengine wakaingia mjini kutafuta kibarua. Neno kibarua, yaani barua ndogo, linatokana na cheti cha mtu wa kazi ya siku, na lilitumika kwa watumwa waliokodishwa kabla ya kuwa jina la kila mfanyakazi wa kutwa.

Palikuwa na jambo jingine ambalo hati ya serikali haikuweza kulitatua. Katika sheria ya Kiislamu anayeacha huru ni bwana mwenyewe, na kwa hiyo baadhi ya mabwana na baadhi ya walioachwa huru waliona kwamba karatasi ya mahakama haitoshi. Wako waliorudi kwa mabwana kutafuta ridhaa yao, hasa katika mambo ya ndoa, kwa sababu heshima mtaani haikutolewa na karani.

Ama kuhusu fidia, hakulipwa aliyefanyishwa kazi bila ujira. Aliyelipwa ni bwana aliyethibitisha umiliki wake. Tena amri ilihusu visiwa tu: katika ukanda wa pwani wa Mombasa, Malindi na Lamu, ambao ulikuwa mali ya Sultani lakini ukitawaliwa na Waingereza, utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1907.

Waliosahauliwa kabisa ni masuria, yaani wajakazi waliowekwa na mabwana zao kama wake. Ni kweli kwamba kisheria mtoto wa suria alizaliwa huru na halali, na masultani kadhaa wa Busaidi, ukoo uliotawala Zanzibar, Barghash akiwamo, walizaliwa na masuria. Lakini heshima ya mtoto haikumfanya mama awe huru kuondoka. Amri ya 1897 iliwahesabu masuria kama wake, si watumwa, hivyo hawakuweza kudai uhuru ila kwa kuthibitisha ukatili. Kipengele hicho kiliwaacha katika mashaka hata wanawake wasiokuwa masuria, kwa kuwa bwana aliyetaka kumzuia mjakazi wake alikuwa na neno la kusema mbele ya hakimu. Kiliondolewa kwa amri ya 1909, katika utawala wa Sayyid Ali bin Hamoud, miaka saba baada ya baba yake kufariki.