Pengo kati ya koplo na sajenti: infantria ya Marekani inavyofundisha viongozi wake wadogo

Wiki iliyopita kijana mmoja Mkenya aliye kwenye infantria, yaani askari wa miguu, ya jeshi la Marekani aliniandikia inboksi. Ako na cheo cha spesholisti, sajenti wake amehamishwa, na ameambiwa kuanzia Jumatatu ataongoza timu na shule ya uongozi bado hajaenda, akaniuliza, "Afande, nianzie wapi?" Nilikaa na hilo swali siku mbili manake ni swali nililowahi kuwa nalo mimi mwenyewe na sikuwa na wa kumuuliza. Nilistaafu kwenye jeshi hilo hilo nikiwa sajenti wa platuni, na miaka yangu ya mwisho nilikuwa mkufunzi wa ma-NCO, yaani hawa viongozi wadogo kuanzia koplo na sajenti kwenda juu, kwa hivyo acha nijibu kwa urefu, maana jibu lake si lake peke yake.

Kwanza ngazi zenyewe, kwa wale hawako jeshini. Kuruti wa infantria anafunzwa Fort Benning kule Georgia, mafunzo ambayo yaliongezwa kutoka wiki 14 hadi 22, na hiyo nyongeza mi niliipenda sana. Akitoka hapo ni praiveti, baadaye spesholisti ama koplo, halafu sajenti anayeongoza timu ya watu wanne yeye akiwemo, halafu stafu sajenti mwenye skwodi ya watu tisa (hiyo ndio KDF na JWTZ wanaita seksheni), halafu sajenti wa platuni, ambayo ni skwodi kadhaa pamoja. Kila ngazi iko na shule. Ya kwanza inaitwa BLC, kozi ya msingi ya viongozi, siku 22, na ni ya watu wote, yaani mpishi, fundi wa magari, karani na askari wa miguu wote darasa moja. Ya pili ni ALC, kozi ya viongozi ya ngazi ya pili, hii sasa ni ya fani yako, infantria wanarudi Benning. Juu yake kuna SLC, kozi ya viongozi wakubwa zaidi, na mwisho kabisa kuna kozi ya sajenti meja, miezi kumi pale Fort Bliss, Texas.

Ukiangalia hiyo ngazi kwa karatasi iko sawa kabisa. Tatizo liko chini. BLC inakufunza uongozi, kuandika, kuongea mbele za watu, kupanga mafunzo, vitu vya maana na sivibezi, lakini haikufunzi kuweka bunduki rashasha mahali pa kusaidia wenzako wakishambulia. Haiwezi, manake nusu ya darasa si infantria. Shule ya kwanza inayokufunza vita vya skwodi kwa undani ni ALC, na ALC unaenda ukiwa tayari ni sajenti anayesubiri ustafu sajenti, na wengi wanafika huko wakiwa wameshaongoza skwodi miezi mingi kwa kubahatisha, juu platuni ikikosa stafu sajenti kazi haingoji, anawekwa sajenti aliyepo.

Mimi nilikuwa huyo sajenti. Miezi kumi na moja niliongoza skwodi kabla sijaona mlango wa ALC. Nilikuwa mzuri wa mazoezi ya mwili, nilipiga shabaha vizuri, vijana walinipenda, kwa hivyo kila mtu aliona niko tayari na mimi nikaamini. Siku ya zoezi la risasi za moto tunashambulia handaki, nikachelewa kutoa ishara ya wapiga rashasha kuhamisha moto pembeni, na timu yangu ya kushoto ikawa inakaribia mstari wa risasi. Ofisa wa usalama akasimamisha zoezi. Hakuna aliyeumia, lakini ule ukimya baada ya kusema "sitisha moto" bado naukumbuka, na nyuso za wale vijana wanne pia. Jioni sajenti wangu wa platuni hakunifokea, alichukua mawe kumi na kamba ya kiatu akachora uwanja wote kwa mchanga, hili jiwe rashasha, hili wewe, kamba ndio mstari wa risasi, sogeza timu yako, sogeza tena, sasa niambie ishara unatoa ukiwa wapi. Tulirudia mpaka giza. Yale masaa mawili yalinifunza kuliko mwaka mzima, na ndio yananifanya niulize kwa nini nisiyapate kabla.

Na hapa ndio kitu kinaniuma zaidi. Hatua za risasi za moto tunaziheshimu sana. Askari hafyatui na skwodi kabla hajafyatua peke yake, halafu na mwenzake wawili wawili, halafu timu, ndio skwodi, ndio platuni, na kila hatua kwanza kavu bila risasi, halafu risasi baridi za mlio tu, halafu za moto, mchana kabla ya usiku. Ukiruka hatua unasimamishwa. Lakini yule anayewaongoza sisi tunamrusha hatua bila wasiwasi, leo ni mpiga bunduki, kesho ako na roho za watu wanane mkononi, na hakuna mtu anauliza amepita wapi.

Jeshi la Marekani lenyewe limeshawahi kulijibu hili swali, na lilijibu likiwa na shida kubwa. Wakati wa Vietnam askari alikuwa anatumikia mwaka mmoja kule halafu anarudi, na masajenti wakaisha, wengine wamekufa, wengine wamejeruhiwa, wengine wamestaafu. Mwaka 1967 Benning wakaanzisha kozi ya haraka ya kutengeneza viongozi wadogo kutoka kwa vijana waliokuwa wametoka tu ukuruti. Karibu wiki 12 za darasa na porini, halafu, na hii ndio sehemu watu wanaisahau, karibu wiki tisa ama kumi za kufanya kazi kama kiongozi kwa makuruti wengine chini ya macho ya wazoefu. Wahitimu walipewa usajenti, na wachache wa juu kabisa wakapewa ustafu sajenti. Wakongwe waliwadharau sana, wakawaita masajenti wa papo hapo, manake mtu alisota miaka mingi kupata hizo tepe za mkononi na kijana anazipata kwa miezi. Lakini vitani wengi walisimama imara, na mwaka 1971 jeshi likaanza mfumo wa shule za ma-NCO unaotumika mpaka leo. Kwangu mimi siri haikuwa ule ufupi, ilikuwa ni zile wiki kumi za mwisho, kufunzwa halafu kufanya na mtu akiwa begani kwako.

Waingereza nao wana njia yao. Koplo wao wa infantria anayeongoza seksheni anapitia kozi ya vita ya makamanda wa seksheni kule Brecon, Wales, milima ya mvua na upepo, na inaanza na sehemu ya kuendesha mafunzo ya silaha na risasi za moto kisha mbinu. Sajenti wa platuni ana kozi yake hapo hapo. Sisi wa Kenya tunawaona vikosi vyao vikija Laikipia kufanya mazoezi, na ukimwangalia koplo wao akitoa amri kwa watu wake unajua kabisa kuna mahali alipikwa.

Wamarekani wamefanya jambo moja zuri, kuanzia 2016 sheria ni shule kwanza halafu cheo, zamani ulikuwa unapandishwa halafu unaenda shule ukipata nafasi. Naiunga mkono. Ila sheria hii inategemea viti. Viti vikipungua, kama ilivyokuwa wakati wa korona, foleni inakuwa ndefu, jeshi lilibidi litoe vyeo vya muda, na kule platunini kiongozi anakuwa amekwama kwenye cheo ilhali kazi ya cheo cha juu anaifanya kila siku.

Ningepewa nafasi ningeweka kozi ya mbinu ya infantria pale chini kabisa, kabla mtu hajapewa timu, iendeshwe na brigedi lakini mtaala uwe mmoja na wakufunzi wawe wamepita Benning, na risasi zitengwe kabisa kwa ajili yake, maana kozi bila risasi ni hadithi. Halafu ziwepo wiki kadhaa za kumfuata kiongozi wa skwodi na kuongoza mara nyingi ukikosolewa hapo hapo. Na akishapata skwodi aachwe nayo, jamani. Naona sajenti anakaa miezi sita anahamishiwa ofisi ya operesheni kupanga slaidi, na kile alichojifunza kinakufa naye mezani. Ukufunzi pia uhesabiwe vizuri kwenye kupandishwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilielewa shambulizi la skwodi siku niliyoanza kulifundisha.

Sasa kijana wangu, kwako wewe wa Jumatatu. Kozi itakuja, usiingoje. Jifunze ile kanuni ya theluthi, kwamba ukipewa muda wa kujiandaa wewe kiongozi unatumia theluthi moja na mbili unawaachia watu wako, na uifuate hata kwa kazi ya kufagia kambi ili iwe mazoea. Andika amri yako kwa mkono, sehemu tano zile zile, hali, kazi, utekelezaji, mahitaji, mawasiliano, halafu mwite praiveti wako mdogo kabisa akurudishie kwa maneno yake, akikosea ujue wewe ndio hukueleweka. Mtafute stafu sajenti mmoja unayemwamini umwombe jioni moja kwa wiki, na ubebe mawe kumi na kamba ya kiatu. Mwambie acheze adui.