Hoteli ya Dodoma naanza kuichora kwenye tangi la maji

Wawekezaji wanaokuja na wazo la hoteli ya kifahari Dodoma mara nyingi huwa na picha tayari kwenye simu: jengo la vioo vitupu, la Dubai. Naitazama kwa adabu, kisha nauliza swali linalowaudhi kidogo: maji utayaweka wapi?

Chukua vyumba 120. Nikikadiria lita 300 kwa chumba kwa siku, ni lita 36,000, bado jiko, dobi na kumbi za mikutano. Akiba ya chini ya siku tatu siikubali, kwa hiyo tunazungumzia tani 108 za maji kwa vyumba peke yake. Uzito huo hauendi darini. Unachimbiwa chini, juu linabaki tangi dogo la kugawia. Tena visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, yanakula hita na kuziba matundu ya bomba la kuogea. Chumba cha mitambo ya kusafishia maji kiingie kwenye ramani mapema. Mradi mmoja nilikisahau, nikaja kukimega kwenye stoo ya jikoni. Mpishi mkuu hadi leo ananisalimia kwa mkato.

Sasa hivyo vioo. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na adhuhuri jua huwa juu sana. Dirisha la mita moja na nusu linalotazama kaskazini, hata Juni saa sita mchana, jua likiwa limeegemea kaskazini, linafunikwa na kivuli cha kibaraza cha sentimita 90 kilichotokeza juu yake. Jua la saa kumi na moja jioni ndilo halizuiliki, maana linaingia limelala. Basi jengo nalinyoosha mashariki–magharibi, na upande wa magharibi naweka ngazi, lifti na stoo. Madirisha ya vyumbani lazima yafunguke: usiku wa Julai hapa una baridi ya bure, kwa nini uwashe kiyoyozi?

Halafu kuna kalenda. Tangu serikali ianze kuhamia mwaka 2016, hoteli hujaa Bunge la Bajeti linapokaa, Aprili hadi Juni. Likiahirishwa, vyumba vinapwaya. Na tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze safari mwaka 2024, mgeni akimaliza kikao Ijumaa mchana, jioni yuko kwake Dar. Kwa hiyo kila ghorofa naipa vali zake za kufungia maji, umeme wake na kiyoyozi chake, meneja aweze kufunga ghorofa mbili nzima bila kuzigharamia.

Marumaru ya mapokezi mwenye mali achague mwenyewe, sina ugomvi. Ugomvi wangu uko kwenye ukuta kati ya vyumba: tofali lipande mpaka kwenye zege la juu, lisiishie kwenye dari ya jipsamu. Mkandarasi akilikomesha hapo anaokoa matofali machache, na mgeni wa chumba cha pili anasikia zabuni ya mwenzake ikijadiliwa kwenye simu.