Skrini bapa haitaki dawa ya madirisha

"Skrini ni kioo, kwa hiyo dawa ya vioo inaifaa." Si kweli. Uso wa televisheni nyingi bapa ni utando wa plastiki wenye mpako wa kupunguza mng'ao. Amonia, spiriti na asetoni huula mpako huo, na mabaka yanayobaki hayatoki tena.

Mikindani au Lindi mjini kuna adha nyingine: upepo wa bahari huleta chumvi, na ukiisugua ikiwa kavu hukwaruza kama msasa. Zima televisheni, chomoa kwenye umeme, acha ipoe. Pangusa vumbi kwa kitambaa cha maikrofaiba, mkono mwepesi. Kisha lowesha kingine kwa maji ya mvua au ya chupa (ya kisima chenye chumvi huacha madoa meupe), ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone. Mafuta ya vidole? Tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita ya maji, halafu futa kwa maji matupu.

Usipulizie skrini yenyewe: maji hutiririka hadi ukingo wa chini, yakafikia nyaya bapa za paneli (sehemu inayoonyesha picha), na hapo ndipo mistari ya wima huzuka. Tishu na gazeti, waachie wenye madirisha.