Hospitali Kwanza, Kikao cha Kanisa Baadaye: Maswali na Majibu kuhusu Ukatili kwa Watoto na Watu Wasiojiweza

Ukatili katika huduma za kanisa ni nini hasa?

Ni kitendo chochote cha kumuumiza, kumdhalilisha au kumtumia mtu, kikifanywa na aliyemfikia mtu huyo kupitia kanisa: mwalimu wa shule ya Jumapili, katekista, mchungaji, padri, mtawa, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya, mpiga kinanda, dereva wa basi la kwaya. Unaweza kuwa wa kingono, wa kipigo, wa matusi, wa kunyima chakula au dawa, au wa kunyang'anya mali.

Mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Mtu mzima asiyejiweza ni yule ambaye ugonjwa, ulemavu, uzee au dhiki imemwondolea uwezo wa kujilinda au kukataa: bibi mgonjwa anayetembelewa na waombaji akiwa peke yake nyumbani, kijana mwenye ulemavu wa akili, mgonjwa wa kifafa aliyeachwa kwenye kambi ya maombi.

Na tuliweke wazi mapema: binti wa miaka 15 "aliyekubali" kulala na kiongozi wa vijana amebakwa. Sheria ya Tanzania haiulizi kama alikubali.

Mtoto ametuambia ameingiliwa. Tuanzie wapi?

Hospitali. Leo. Kama ni usiku, usiku huo huo.

Dawa za kuzuia VVU, ambazo wengi wanaziita PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio, na zinafanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa chache za mwanzo. Humezwa kila siku kwa siku 28. Virusi vikishajichimbia mwilini, hakuna dawa ya kuvitoa. Kinachobaki ni ARV za maisha.

Msichana aliyevunja ungo, au ambaye matiti yameanza kuota, hupewa pia P2 ili asishike mimba. Hii ina nafasi hadi saa 120, yaani siku 5, lakini nayo kadiri unavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. P2 haizuii VVU. Tunarudia kwa sababu wapo wanaoinunua duka la dawa, wakampa binti, wakaona wamemaliza. Kituo kitampa pia dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B kama hajakamilisha, na ya pepopunda kama ana majeraha.

Mchungaji anasema tusubiri kikao cha wazee. Tufanyeje?

Msisubiri.

Piga hesabu. Tukio limetokea Jumamosi saa 11 jioni baada ya mazoezi ya kwaya. Mtoto anamwambia mama Jumapili usiku. Mama anampigia mama mchungaji Jumatatu. Wazee wanaitwa Jumatano. Mlango wa saa 72 ulishafungwa Jumanne saa 11 jioni, kabla hata sala ya kufungua kikao haijasomwa. Hivi ndivyo watoto wanavyotufikia hospitalini wakiwa wamechelewa: hawakukosa nauli, walikuwa wanasubiri watu wazima wamalize kushauriana.

Kikao hakina darubini, hakina maabara, hakina dawa. Kama wazee wanataka kukutana, wakutane wakati mtoto yuko hospitali.

Mtuhumiwa ametubu hadharani na familia imekubali fidia. Bado kuna haja ya kwenda?

Ndiyo. Toba yake haizuii mimba wala VVU. Mbuzi wawili na shilingi laki tano hazizuii kaswende. Na "kuyamaliza kikanisa" kunampa mtu huyo ujumbe kwamba bei yake anaimudu. Wengi wa namna hii hawaishii kwa mtoto mmoja.

Kumwozesha binti kwa aliyembaka "ili aibu iishe" ni kumkabidhi abakwe kila usiku. Hilo hatulijadili.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mchungaji ni mwanajamii. Mzee wa kanisa ni mwanajamii. Kwa Wakatoliki, sheria aliyoitoa Papa Fransisko mwaka 2019 inawataka mapadri na watawa kutoa taarifa kwa mamlaka ya kanisa, na inaeleza kuwa haiondoi wajibu wowote uliowekwa na sheria za nchi. Taarifa kwa askofu haihesabiki kuwa taarifa polisi.

Tumwogeshe kwanza?

Hapana. Asioge, asibadilishe nguo ikiwezekana, asijisafishe sehemu za siri. Kama kitendo kilihusisha mdomo, asipige mswaki wala kusukutua kabla ya kuchukuliwa sampuli. Akibanwa na haja aende tu, ila asijipanguse kwa nguvu.

Nguo zikishavuliwa, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo mfuko wake. Usitumie mfuko wa plastiki: unyevu unabaki ndani, nguo inaota ukungu na ushahidi unaoza. Ukikosa karatasi, zifunge kwenye khanga safi iliyokauka. Pedi au nepi aliyokuwa amevaa nayo ni ushahidi, usiitupe chooni.

Kama ameshaogeshwa, mlete hivyo hivyo. Kuoga kunapunguza ushahidi, hakupunguzi haja ya dawa.

Na tafadhali, acheni kumwosha mtoto ukeni kwa maji ya chumvi, siki, Dettol au mvuke wa majani. Mnamchubua, na ngozi iliyochubuka inapitisha virusi kirahisi zaidi. Mtoto anafika na majeraha mawili, moja la mhalifu na moja la shangazi.

Bibi yake amemkagua, anasema bikira ipo na hakuna damu. Si inatosha?

Haitoshi hata kidogo. Watoto wengi walioingiliwa au kuchezewa hukutwa hawana jeraha lolote linaloonekana, hata na daktari mzoefu. Sehemu hizo hunyumbuka na hupona kwa siku chache. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira upigwe marufuku kwa kuwa hauna msingi wowote wa kitaalamu. Kumvua mtoto nguo mbele ya mama watatu wa kanisa ni kumdhalilisha mara ya pili.

Na mvulana je? Mvulana hana "bikira" ya kukaguliwa, ndiyo maana huachwa kabisa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana aliyeingiliwa anahitaji PEP ndani ya saa zile zile 72.

Tunaambiwa bila PF3 hatutibiwi. Ni kweli?

PF3 ni fomu ya polisi kwa ajili ya kesi. Si kibali cha kumeza dawa. Nenda kituo cha afya, mwambie mtu wa mapokezi kwa sauti ya chini lakini bila kuzungukazunguka: "Ni ukatili wa kingono, umetokea saa kadhaa zilizopita." Omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja na mtoto hazungushwi. Pasipokuwepo, mtu mzima mmoja abaki na mtoto akitibiwa, mwingine aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kufuata fomu. Kenya fomu ya polisi inaitwa P3, lakini utaratibu ni ule ule: tiba haisubiri karatasi.

Saa 72 zimeshapita. Tukae tu nyumbani?

Hapana, njooni. Hata baada ya wiki. Hata baada ya mwaka. PEP haitaanzwa, lakini atapimwa VVU, mimba, kaswende na homa ya ini, atatibiwa kinachotibika, maelezo yake yataandikwa, na atapata ushauri nasaha. Kipimo cha VVU hurudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3. Vituo vingine huongeza mwezi wa 6. Msiache marudio eti kipimo cha kwanza kilikuwa safi. Kipimo cha kwanza kikifanywa siku chache baada ya tukio, kinaeleza hali yake kabla ya tukio, hakielezi tukio lenyewe.

Mtoto hasemi kitu. Tutajuaje?

Tazama mabadiliko. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Aliyependa kwaya analia siku ya mazoezi. Ana simu, viatu au hela ambazo hajui kuzieleza. Anaumia akikojoa, anatoka uchafu ukeni, anakaa kwa upande, nguo ya ndani ina damu. Mtoto mdogo akikutwa na kisonono au kaswende ambayo hakuzaliwa nayo, tunalichukulia kuwa ni ukatili wa kingono mpaka ithibitike vinginevyo. Visingizio vya "kiti cha choo" na "taulo la dada" tumevisikia vya kutosha.

Akianza kusema, msikilize. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia, huna kosa." Andika maneno yake kama alivyoyatamka, na saa na tarehe. Kisha nyamaza. Usimhoji mara kumi, usimwulize "ni baba mchungaji, eh?", usimsimamishe mbele ya wazee akutane uso kwa uso na mtuhumiwa. Mtoto aliyehojiwa na watu sita ana maelezo sita, na wakili wa upande wa pili atayafurahia yote.

Watu wazima je? Mgonjwa wetu yuko kwenye maombi na ameambiwa aache dawa.

Huo nao ni ukatili, hata ukifanywa kwa machozi ya upendo. Maombi hatuyapingi. Tunachopinga ni kuacha dawa. Mwenye kifafa akikatishwa dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma. Likizidi dakika 5, ni dharura ya kuua. Mwenye kisukari anayetumia insulini akiiacha anaweza kuzimia ndani ya siku moja au mbili. Wa kifua kikuu anajenga usugu na kuambukiza kambi nzima. Wa ARV anajiona mzima kwa miezi, huku virusi vinapanda.

Mgonjwa wa akili hafungwi mnyororo mtini. Tunapokea vifundo vya miguu vilivyooza hadi mfupa.

Na kufunga: mtoto, mjamzito, mzee dhaifu na mgonjwa hawafungi kula, na hakuna yeyote wa kufunga maji. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ulitoa miili zaidi ya 400 ya waumini wa kanisa moja, wakiwemo watoto. Ukimkuta mtu ambaye hajala kwa siku 5 au zaidi, usimkimbizie sahani ya pilau. Chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvi za mwili na kusimamisha moyo. Mpe maji kidogo kidogo na umpeleke hospitali, akalishwe kwa vipimo.

Kanisa lifanye nini kuzuia haya?

Mtu mzima mmoja asikae peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Basi. Mkishika hili moja mmeziba njia kubwa kuliko zote. Kila darasa liwe na walezi wawili ambao si mume na mke wala ndugu, maana ndugu hufichiana. Mlango uwe wazi au uwe na kioo. Ushauri wa kiroho kwa kijana ufanyike pale watu wanapopita. Maombi ya kumwekea binti mikono yafanyike mama au mlezi wake akiwepo, na mikono ikae kichwani. Kambi na mkesha: wavulana na wasichana vyumba tofauti, na walezi vitanda vyao mbali na vya watoto. Ujumbe wa simu kwa mtoto upitie kundi ambalo wazazi wamo.

Mlezi mpya asikabidhiwe watoto wiki aliyohamia. Akae angalau miezi 6, alete majina ya watu wawili wa kanisa alikotoka, na mpigie simu kweli. Cheti cha polisi cha alama za vidole ni kizuri lakini kinaonyesha waliotiwa hatiani tu, na wanaohamishwa kimyakimya hawatiwi hatiani.

Kama mtumishi anasingiziwa?

Inawezekana, na kuchunguza ni kazi ya polisi, si yenu. Asimame huduma zote siku hiyo hiyo hadi uchunguzi uishe. Hiyo si hukumu. Kumhamishia usharika mwingine, huko ndiko kubaya: mmewapelekea watoto wa wenzenu hatari, na barua ya sifa juu.

Tumpigie nani?

Simu ya mtoto ni 116, bure, Tanzania, Kenya na Uganda. Kenya kuna pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia, wakiwemo watu wazima. Polisi Tanzania ni 112. Mkipiga, taja umri wa mtoto, mahali alipo sasa, saa ya tukio, na kama mtuhumiwa bado anamfikia. Pigeni mkiwa njiani kwenda hospitali.