Mshororo ndio unaopima safu

Jarida la kwanza nililowapangia wanafunzi wa muziki hapa Mjini Unguja nililigawa safu tatu kila ukurasa. Ndivyo nilivyozoea kwenye kazi za magazeti: karatasi ya A4, pambizo milimita 18 kila upande, safu za milimita 55 hivi, maandishi pointi 10. Habari zilikaa vizuri, mahojiano yakakaa vizuri. Tulipofika ukurasa wa nyimbo, mwanafunzi mmoja akaweka kidole kwenye skrini akaniambia, "Maalim, wimbo wangu umekatwa mguu."

Alisema kweli. Hebu tazama ubeti huu, nimeutunga hapa kwa ajili ya mfano:

Bahari imetulia, mashua zarudi pwani
Nami jicho natupia, wewe bado sikuoni
Taa yangu yafifia, nakungoja mlangoni

Kila mshororo una mizani 16: nane za ukwapi, kabla ya mkato, na nane za utao, baada yake. Kina cha kati ni "a", cha mwisho ni "ni". Beti za mistari mitatu namna hii zimejaa tele katika taarab yetu. Sasa hesabu herufi pamoja na nafasi na mkato: mshororo wa kwanza 36, wa pili na wa tatu 37. Kwa fonti ya kawaida ya vitabu, pointi 10, unahitaji kama milimita 60 ili ukae mstari mmoja. Mimi nilikuwa na 55. Kilichotokea ni hiki:

Bahari imetulia, mashua zarudi
pwani

"Pwani" imedondoka peke yake. Kina kilichotakiwa kusimama wima juu ya wenzake, pwani, sikuoni, mlangoni, kimetupwa mwanzo wa mstari, na jicho haliwezi tena kukisikia. Maana jicho husikia. Msomaji aliyekulia na mashairi huona vina kabla hajasoma neno lolote.

Toka siku hiyo sianzi na picha wala kichwa cha habari. Naomba kwanza mashairi yote ya toleo, natafuta mshororo mrefu kuliko yote, naupima kwa fonti nitakayotumia, halafu ndiyo nachora safu. Kwa A4 ile ile nilihamia safu mbili zenye milimita 6 katikati, kila moja milimita 84. Mshororo unaingia na nafasi inabaki, na habari za kawaida zinapata herufi kama 50 kwa mstari, kipimo kinachosomeka bila kuchoka.

Wapo wanaopunguza fonti mpaka pointi 8. Sikubaliani nao. Jarida la wanafunzi husomwa ndani ya daladala na kwenye boti ya Dar, si mezani tu. Wengine huuvunja mshororo kwenye mkato, ukwapi juu na utao chini. Hilo lina heshima yake kama mtunzi mwenyewe kaandika hivyo; asipoandika hivyo, mistari mitatu inageuka sita, na kina cha kati kinapewa cheo ambacho mtunzi hakukipa. Muulize mtunzi. Yupo, ni mwanafunzi mwenzenu.

Kukata maneno ni balaa jingine. Programu nyingi za kupanga kurasa hukata kwa kanuni za lugha iliyowekwa, na yangu ilikuwa imewekwa Kiingereza. Ikanipa "mwim-baji" pale nilipotaka "mwi-mbaji", na "n-goma", kitu kinachoniuma kukiona katika jarida la muziki. Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, na mb, nd, ng kwa kawaida hazitenganishwi. Kama programu haina kanuni za Kiswahili, zima ukataji kabisa, panga maandishi yaegemee kushoto, upande wa kulia uache ukingo usio sawa. Ukilazimisha pande zote mbili zinyooke, maneno yetu marefu kama "wanapokutana" yataacha mianya mikubwa katikati ya mistari.

Kwa picha nitasema machache, ila moja nalisisitiza: usikate mikono. Mpiga udi kichwa chake kinaweza kukatwa kidogo juu na picha ikabaki na maana, lakini vidole vikikatwa, au kile kichwa cha udi kilichopinda nyuma, hakuna muziki tena pale. Mpiga fidla aelekee ndani ya ukurasa, upinde usielekee nje ya karatasi. Kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu, ni pana. Ipige picha kutoka juu na uipe kurasa mbili za katikati. Jarida linalokunjwa na kupigwa pini, katikati ndipo mahali pekee ambapo kurasa mbili ni karatasi moja, kwa hiyo nyuzi hazikatiki. Toleo letu la pili lilikuwa na kurasa 18, na haliwezekani: karatasi moja ikikunjwa ni kurasa nne, basi ni 16 au 20. Tukaenda 20, na zile mbili zilizoongezeka zikatupatia nafasi ya kanuni, ukurasa wa 10 na 11.

Picha za jukwaani Ngome Kongwe, hasa za tamasha la Sauti za Busara usiku, zinadanganya. Kwenye skrini zile taa za buluu na zambarau zinang'aa. Kwenye wino zinafifia, na karatasi isiyo na mng'ao inazinywa zaidi. Jalada letu la kwanza lilirudi kutoka kwa mchapaji nyuso zote zikiwa kivuli. Siku hizi naomba picha za mazoezi ya mchana, au naigeuza ya usiku kuwa nyeusi na nyeupe na kuiongezea mwanga. Naomba pia zitumwe kama faili, si kama picha ya WhatsApp. Iliyonifikia na pikseli 1,280 kwa upande mrefu inatosha sentimita 11 tu za uchapaji safi. A4 nzima kwa upana inataka 2,480.

Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad ana suala lake. Aliyetoka Fumba akaenda kurekodi Bombay mwaka 1928 anastahili ukurasa mzima, lakini picha zake ni chache, na ile inayozunguka mitandaoni ni ndogo. Vijana walitaka kuivuta ijaze ukurasa. Nilikataa. Tuliichapa ndogo, upana wa kiganja, ukurasa wote uliobaki ukawa mweupe, na jina lake chini. Watu walituambia walisimama hapo.

Nota nazo zitolewe kwenye programu yake kama PDF, kamwe si picha ya skrini, maana mistari mitano inatoka na manyoya. Na kama wimbo uko kwenye makamu ya rasti, mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, angalieni alama za robo toni moja moja. Baadhi ya fonti hazina alama hizo, na zikipotea, atakayepiga kutoka kwenye ukurasa wenu atapiga wimbo mwingine.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, nachapa ukurasa wa nyimbo kwa ukubwa wake halisi na kumpa mwimbaji auimbe hapo hapo, bila kuukariri. Toleo lililopita yule binti wa "umekatwa mguu" alifika ubeti wa tatu akasita. Ubeti ulikuwa umeanzia chini ya ukurasa wa 14 na mshororo wa mwisho uko juu ya ukurasa wa 15. Tukaipunguza picha ya udi sentimita nne, ubeti ukarudi wote ukurasa wa 14. Akaanza tena mwanzo.